Vyura wa Kilasi Hawahesabiwi

Ko. Ko-ko. Ko.

Mtu angedhani ni kidole kilichokunjwa kinagonga ubavu wa kinu kitupu. Kinu kingine kikajibu kutoka mbali, kisha kingine, kisha duara zima likawa linagongwa, na bado hapakuwa na kitu cha kuona. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka ukingo wa kreta na kutanda juu ya ziwa kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Tusekile Kasebele aliinua mkono mbele ya uso wake. Aliona kiganja. Vidole alivikisia.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kando yake, juu ya jiwe, kishikwambi chake kilikuwa kimefunikwa kwa kanga. Kila chura aliyegonga, kishikwambi kilimsikia. Mwezi mzima uliopita alikuwa amerusha masikio ndani ya matete yote yanayozunguka ziwa. Yalikuwa vinasa sauti vidogo kama punje za mahindi, na viliweza kutofautisha koo na koo kama mama anavyotofautisha kikohozi cha wanawe. Kazi ya masikio ilikuwa imekwisha. Namba ilikuwa tayari, chini ya kanga.

Hakuwa ameiangalia.

"Umelala hapa au umeamkia hapa?"

Ilitangulia sauti, zikafuata ndala zikifyonza tope, kisha Subilaga mwenyewe akatoka kwenye ukungu akiwa na chupa ya chai kwapani. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Kilasi, mwanamke mnene mwenye miguu myembamba, na kwa wiki zote hizi ndiye aliyemlaza Tusekile chumba cha uani na kumdhihaki kila asubuhi.

"Ugonile, mama," Tusekile alisalimia.

"Nilale vipi, na wewe umekalia ndoo yangu ya kukamulia?" Alimimina chai kwenye kifuniko, akampa. "Imetoka?"

"Imetoka."

"Umeiona?"

"Bado."

"Basi usinitajie. Na usiitaje hapa ziwani. Katajie huko chuoni kwenu, kwenye viyoyozi."

Tusekile alikunywa. Chai ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi kali, na kwa kitambo kidogo mwili wake ulisahau kuwa umechoka. Hakuwa amechoka kwa kutembea. Alikuwa amechoka kwa vikao, kwa makala zilizosomwa na watu wale wale, kwa kuandika mwishoni mwa kila moja kwamba utafiti zaidi unahitajika, wakati alichokitafiti kilikuwa kinakauka mbele ya macho yake kabla wino haujakauka. Fani yake iliitwa uhasibu wa jamii na mazingira. Wajomba zake waliambiana kuwa Tusekile ni mhasibu wa miti.

Siku alipofika Kilasi alimuuliza Subilaga ana watoto wangapi. Subilaga alijibu, "Wapo." Ng'ombe? "Wapo." Tusekile akacheka, akadhani anataniwa. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilimpa neno hilo hilo, kwa upole, kama mtu anavyomfungia mgeni mlango bila kuubamiza.

Hakuwa mgeni wa kwanza kupewa neno hilo. Mizani, mashine ya serikali ya kuthamini na kugawa maji na ardhi, ilipoanzishwa, wathamini walifika Kilasi na fomu zao. Jina la kiumbe: chura wa matete. Idadi: wapo. Kisanduku cha idadi kilikataa herufi. Wathamini walisubiri, wakabembeleza, wakatishia, mwisho wakakiacha kitupu wakashuka mlima kuwahi gari. Na kwa mujibu wa Mizani, kisanduku kitupu husomwa sifuri, kwa kuwa mashine ile haivumilii tundu.

Ziwa zima, basi, lilikuwa limeandikwa halina kitu ndani yake.

"Lakini parachichi unahesabu," Tusekile alimwambia siku moja ya kufunga mzigo, akimtazama akipanga kreti kwa kasi ya mtu anayegawa karata.

"Parachichi limekatwa," Subilaga alijibu bila kuinua kichwa. "Likiwa mtini, lipo. Kilichokatwa ndicho kinachohesabika. Ukimhesabu aliye hai, unamwonyesha kisu."

Tusekile aliyaandika maneno hayo katika daftari la utafiti. Alikusudia kuyatumia katika makala. Sasa, akiwa amekalia ndoo, aliyaona hayafai makala yoyote. Makala ingeyaweka katika alama za kunukuu, na humo yangefia.

"Hesabu inafungwa saa sita," alisema.

"Najua. Wametuma ujumbe kwa simu zote. Hata ya mume wangu, na mume wangu amekufa." Subilaga alifunga chupa. "Na wale wa bondeni wanaleta shahidi wao. Nimechemsha magimbi."

"Unawachemshia magimbi watu wanaokuja kuchukua ziwa?"

"Wanapanda ngazi zote zile kwa miguu, Daktari. Ubaya wao hauwashibishi."

*

Profesa Kihwele alipiga simu ukungu ulipoanza kupasuka. Ziwa lilikuwa limejitokeza vipande vipande, jeusi, tulivu, na upande wa pili lango la handaki lilionekana, mlango wa chuma uliochomekwa katika ukuta wa kreta. Nyuma yake bomba lilishuka moja kwa moja hadi Kambi ya Ipande, kule bondeni.

"Tuse. Nipe habari njema."

Alikuwa mkuu wa idara yake na alikuwa amemfundisha. Hakuwa mtu mbaya. Tusekile angependa awe mbaya, ingepunguza kazi.

"Namba iko tayari, Profesa. Sijaifungua."

"Ifungue. Uisomee Mizani, utie saini. Mimi nalala saa nane mchana leo, na wewe unalala." Alisikika akivuta kiti. "Sikiliza. Tumepigania kisanduku kile miaka mingapi? Tulikuwa tunasema nini kwenye makongamano? Kwamba kisichohesabiwa kinauawa kimya kimya. Sasa tunayo hesabu. Sifuri ni kifo, Tuse. Namba ni uhai."

"Kama kaa wa Lwangwa."



Chemchemi ya Lwangwa ilikuwa na kaa wekundu wasiopatikana kwingine. Idara iliwahesabu mmoja mmoja, kwa mapenzi, wanafunzi wakiwa wamepiga magoti ndani ya maji. Mizani ikapokea namba ile, ikaipa thamani, na kwa kuwa ilikuwa na thamani ikaitafutia mbadala. Hiyo ni kanuni yake ya pili: chochote kinachojulikana idadi yake kinaweza kutunzwa mahali pengine kwa idadi ile ile, na mahali pake pa kwanza pakaachiliwa kwa matumizi. Leo kaa wa Lwangwa wanaishi kwenye matangi ya saruji nyuma ya ghala moja mjini. Taa huwaka saa kumi na mbili, huzimwa saa kumi na mbili. Hakuna aliyepungua. Chemchemi inasukuma kiwanda cha vigae.

Hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote.

"Matangi ya vyura yameshajengwa?" aliuliza.

"Tuse..."

"Nauliza tu, Profesa."

"Yapo kwenye mpango," Kihwele alisema taratibu. "Yatakuwa mazuri kuliko yale ya kaa. Yana matete. Nimeyasimamia mwenyewe. Ukinipa namba, Mizani inafunga lango mpaka mbadala ukamilike. Tunapata miezi. Ndani ya miezi unaweza kupigana tena. Usiponipa, kisanduku ni kitupu, lango linafunguka leo saa sita, maji yanashuka mita nne, matete yanabaki juu yakining'inia kama nywele za maiti. Chagua."

"Kuna kifungu cha kumi na nne."

"Usinitajie hicho."

"Mthibitishaji kama mimi akishindwa kutoa maoni..."

"Nakijua, nilikuwa kwenye chumba walipokiandika. Akishindwa kutoa maoni, Mizani haiwezi kufunga hesabu. Kila kitu kinasimama, lango linatiwa kufuli, na pande mbili zinakaa chini kupatana kwa mdomo kama zama za babu zetu. Na leseni ya mthibitishaji inakufa siku hiyo hiyo. Aliyekitumia mara ya mwisho anafundisha hesabu za darasa la tano."

"Kuna kazi mbaya kuliko hiyo."

"Na wale wa Ipande?" Sasa sauti yake ilipata makali. "Umewahi kushuka kule? Watu wote waliohamishwa kutoka tambarare iliyokauka wako pale. Watasimama na ndoo zao wakiwasubiri nyinyi mmalize porojo? Usinifanyie ushujaa kwa kiu ya watu wengine, Tuse."

 Tusekile alikaa ameishika simu sikioni muda mrefu baada ya Profesa kukata.

Mtu angeweza kufikiri kwamba mashine yenyewe ingeyachukua masikio na kujisomea. Haikuweza. Tangu kashfa za mwanzo, sheria ilisema namba isiyo na saini ya mtu ni kelele tu. Kwa hiyo kila kilichokuwa kikisubiri mlimani na bondeni kilikuwa kinasubiri kidole chake. Na kidole chake kilinuka tangawizi.

*

Shahidi wa Ipande alifika kabla ya saa tano. Walisikia pumzi zake kwanza, kisha kitambaa chekundu cha kichwani kikachomoza kwenye ngazi za zege. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu, na mgongoni alikuwa amefunga dumu tupu kwa mtandio, kama mtoto.

"Naitwa Nyanjige," alisema. "Nimetumwa kuona maji yakifunguliwa." Alilifungua dumu akaliweka chini. "Na hili nimelileta mwenyewe. Siwezi kupanda mlima wote huu nirudi mikono mitupu, hata serikali ikisema nini."

"Karibu, dada. Kaa," Subilaga alisema, akamsogezea sahani ya magimbi. "Mimi ndiye mwenye kitongoji. Huyu ni Daktari Tusekile kutoka chuo. Yeye ndiye wa kusema vyura wetu wana maana au hawana."

"Ah. Na wanayo?"

"Hajasema bado. Anakaa tu kwenye ndoo."

Nyanjige hakugusa sahani. Alikuwa anatazama ziwa. Alilitazama kwa namna ambayo Tusekile hakuwahi kumwona mtu akitazama maji, akiwa na haya kidogo, kama mtu aliyeingizwa chumba cha kulala cha tajiri.

"Naruhusiwa?" aliuliza.

"Ziwa haliombwi ruhusa kwa kiganja cha maji," Subilaga alisema.

Nyanjige alishuka mpaka ukingoni, akachutama, akanywa. Alikunywa kwa kiganja kimoja. Mkono mwingine aliuinua mbali na maji, na Tusekile aliona kwa nini: palikuwa na bangili ya plastiki ya kijivu yenye taa ndogo, na hakutaka ilowe. Ikilowa ikaharibika, bomba la kambini halitamtambua.

Ko. Ko-ko.

"Hao ndio wenyewe?" Nyanjige aliuliza akijifuta mdomo. "Wako wangapi?"

Uso wa Subilaga ulifunga. Nyanjige aliuona ukifunga, na ghafla akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kukusudia.

"Nisamehe, mama. Nimekaa kambini mpaka nimekosa adabu. Hata kwetu, mtu akikuuliza una ng'ombe wangapi, unajua anataka kukuroga au kukutoza kodi."

"Na mnajibuje?"

"Tunasema wanalisha." Alikaa sasa, akachukua gimbi, akalimenya kwa ukucha. "Mume wangu alikuwa hajui idadi, haki ya Mungu. Lakini jioni wakiingia zizini, asipokuwepo yule wa madoa mwenye pembe iliyopinda, anajua kabla hajaweka fimbo chini. Alikuwa anawajua. Kuhesabu ni kwa mtu asiyewajua."

"Sasa wako wapi?" Tusekile aliuliza.

"Mvua zilipokata, walikuja watu wenye vifaa kama vyako. Wakasema tuwahesabu ili tufidiwe. Tukakataa, wakasema asiyehesabu hana. Tukahesabu. Na tulifidiwa, nisiseme uongo, kila kichwa kililipwa. Wakapakiwa kwenye malori." Alitafuna. "Wakaja tena, wakatuhesabu sisi."

Alinyoosha mkono wenye bangili juu ya sahani.

"Kila asubuhi napitisha hii kwenye bomba. Inalia, inataja namba yangu, inatoa maji. Haijawahi kukosea. Mashine yao ni nzuri, siisingizii. Maji yakipungua inagawa yaliyobaki sawa sawa, kila mtu tone lake. Mimi ni mtu niliyehesabiwa vizuri kuliko wote nchi hii, Daktari, na nina kiu."

Tusekile alisikia kitu kikidondoka ndani yake, taratibu, kama jiwe linalotafuta sakafu ya kisima. Sifuri ni kifo, namba ni uhai. Alikuwa amelisema hilo mwenyewe kwenye kumbi za mikutano, kwa sauti nzuri, akapigiwa makofi. Hakuwahi kulisema mbele ya mtu aliyeishi ndani ya namba.

"Kwa hiyo hutaki lango lifunguliwe?" aliuliza.

Nyanjige alimtazama kana kwamba amemuuliza kama anataka kupumua.

"Nataka lifunguliwe sasa hivi. Binti yangu Kabula ana mimba, na huu ndio mwezi wake wa kujifungua. Zahanati ya kambi haimpokei mzazi mpaka aje na ndoo zake mbili za maji. Mbili. Mgawo wetu wa wiki ni ndoo moja na kipande. Nimekuwa nikiiba kwenye kikombe changu, nakusanya. Sitaki kusikia habari za vyura." Akageuka kwa Subilaga. "Usinielewe vibaya, mama. Wana sauti nzuri."

"Sijakuelewa vibaya," Subilaga alisema.

Walikula, wote watatu. Ukungu ulikuwa umekwisha. Ng'ambo, juani, chuma cha lango kilimeremeta, na nguzo ya Mizani iliyosimama kando yake iliwasha taa yake ya njano.

*

Walizunguka ziwa kwa njia ya matete, Subilaga mbele, Nyanjige na dumu lake katikati, Tusekile nyuma na kishikwambi ndani ya kanga. Alikibeba kama mtu anavyobeba chungu cha moto. Mara mbili alisimama. Mara ya pili Subilaga alirudi akamkuta ameinamisha kichwa.

"Ukitaka kusema hiyo namba, sema," Subilaga alisema kwa sauti ya chini, bila mzaha. "Sitakulaani. Nakuona ulivyochoka. Lakini nikwambie kitu kimoja. Ukiiambia mashine ni wangapi, itajua wangapi wanatosha."

"Na nisipoiambia, itasema hawapo."

"Ndiyo. Kazi yako ni mbaya, mwanangu. Ningejua ungekuja kuifanya ningekupa chumba cha mbele."

Saa sita ilipofika, nguzo iliongea. Walikuwa wameipa sauti ya mwanamke msomaji wa taarifa ya habari, safi, isiyo na mafua.

"Hesabu ya Ziwa Kilasi inafungwa. Mthibitishaji ajitambulishe."

"Tusekile Kasebele."

"Shahidi wa mnufaika."

Nyanjige aliiinua bangili. Nguzo ililia, ikataja namba yake, ikashukuru.

"Kiumbe: chura wa matete. Kisanduku cha idadi ni kitupu. Mthibitishaji, taja idadi, au thibitisha kuwa ni sifuri."

Tusekile alifunua kanga. Kioo kilikuwa cheusi. Kingewaka kwa kuguswa. Alifikiria miezi ambayo Profesa angempatia. Alifikiria taa zikiwaka saa kumi na mbili na kuzimwa saa kumi na mbili, na chura akigonga ukuta wa saruji akisubiri ajibiwe kutoka ng'ambo, na ng'ambo hakuna. Alifikiria ndoo mbili mlangoni pa zahanati. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichokuwa chepesi kuliko kingine, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilolijua mwaka ule. Havikukaa kwenye kipimo kimoja. Mashine ilikuwa inamwomba aseme kwamba vinakaa, na atie saini.

"Mthibitishaji. Idadi?"

"Nashindwa kutoa maoni."

Taa ya njano ilitulia, kama jicho lililosahau kupepesa.

"Taja sababu. Ushahidi haukupatikana?"

Hapo ndipo uongo ungemsaidia. Neno moja, ndiyo, na pengine leseni yake ingeponea kwa onyo.

"Ushahidi umepatikana," alisema. "Idadi ipo, ninayo mkononi, na ni sahihi. Nimeikataa. Haijibu swali linaloamuliwa hapa."

"Sababu haitambuliki," nguzo ilisema, bila chuki, bila chochote. "Kushindwa kutoa maoni kumepokelewa. Hesabu ya Ziwa Kilasi na hesabu ya Kambi ya Ipande zimesimamishwa. Lango limefungwa mpaka pande husika zikutane na kuafikiana. Leseni ya mthibitishaji imefutwa. Ahsante kwa ushirikiano wako."

Ndani ya chuma kitu kizito kilijifunga. Waliusikia mshindo ukishuka kwenye bomba, ukienda, ukienda, mpaka kule chini ambako watu walikuwa wamesimama na ndoo.

Simu ya Tusekile ilianza kutetemeka mfukoni. Aliijua ni Profesa. Aliiacha itetemeke. Akakitupa kishikwambi majini, si kwa hasira, bali kama mtu anayetua mzigo, na kikazama bila kelele ya maana.

"Hicho utakuja kukitoa," Subilaga alisema. "Betri ni sumu."

"Nitakitoa."

Nyanjige hakuwa amesogea. Alikuwa ameshika dumu kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo ndiyo hivyo," alisema. "Umewaokoa vyura, mimi narudi kuwaambia watu wangu tunakutana. Tunakutana na nani? Lini? Kabula tumbo lake linajua habari za kikao?"

"Dada..." Tusekile alianza.

"Usiniite dada. Wewe kesho unashuka kwenda mjini. Umefanya jambo lako zuri, na jambo lako zuri nimelilipia mimi."

Ilikuwa kweli, na Tusekile hakujaribu kuifunika. "Ni kweli," alisema. "Umelilipia wewe. Ndiyo maana siendi mjini. Nashuka na wewe."

"Uje ufanye nini? Una maji?"

"Sina. Nitasimama mbele ya watu wako niseme ni mimi, wasikurushie wewe maneno."

Nyanjige alipuliza hewa kwa pua. Hakusema hapana.

 Subilaga alimnyang'anya Nyanjige dumu mkononi, akashuka ukingoni, akalizamisha. Maji yaliingia kwa kugugumia. Alisubiri hadi mwisho, akalifunga, akalipandisha kwa kulikumbatia, blauzi ikalowa yote.

"Mashine imefunga lango," alisema akihema. "Haijafunga mikono. Kabula hatajifungulia zahanati. Atapandishwa kwa machela kesho asubuhi, vijana wangu wataenda kumchukua, atajifungulia kwangu, chumba cha mbele. Ataoga mpaka achoke."

"Huyo ni mmoja," Nyanjige alisema.

"Najua ni mmoja."

"Niliowaacha bombani si mmoja, mama. Kila mmoja ana Kabula wake. Ukikaa nao kwenye kikao utasema nini? Utawaambia vyura wapo?"

Upande wa pili wa ziwa chura mmoja aligonga, akasita. Subilaga alitazama maji ya ziwa la baba yake na babu yake. Tusekile aliona jinsi anavyoyatazama, akaelewa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtaka atoe chochote kutoka humo, na kwamba kukataa kuhesabu kulikuwa pia, miaka yote hiyo, njia ya kutoombwa. Subilaga naye alikuwa ameelewa. Ilimchukua muda. Alilishusha dumu miguuni pa mgeni.

"Siku ya kikao watapanda wote wanaoweza kupanda," alisema. "Tutalifungua lango kwa mikono yetu, tutakaa hapa na nyinyi tukitazama matete, na yakianza kuinama tutalifunga, na kesho yake tutalifungua tena. Tutagombana. Mimi ni mgomvi, ulizia. Lakini tutagombana hapa, tukitazamana."

"Lita ngapi?" Nyanjige aliuliza. Lilimtoka kwa mazoea. Alijisikia, akafumba mdomo. Kisha akasema taratibu, "Sema tu watakunywa. Sema nisikie."

Subilaga alimshika mkono, ule wenye bangili, akaufunika kwa kiganja chake kilicholowa.

"Watu wako watakunywa, Nyanjige," alisema kwa sauti ambayo hata nguzo ingeisikia. "Kabla yangu, kama itabidi. Nimesema mimi, Subilaga, na ziwa linanisikia. Watakunywa."